Uzoefu wangu na boksi la kutengenezea rimu za aloi, hapa Unguja

Rimu za Toyota IST yangu zilikuwa zimechubuka pembezoni kwa kukwaruzana na kingo za barabara, na gharama ya kuzipaka upya zote gereji ilikuwa kubwa, ndipo nikanunua boksi lenye puti ya kujazia michubuko, msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), rangi ya silva na vanishi ya kupuliza.

Puti ni nzuri kweli: inashika vizuri kwenye aluminiamu safi na haimeguki inaposuguliwa. Msasa ni haba mno, kwani ule wa namba 240 uliisha makali mapema, ikanibidi kununua mwengine sokoni Darajani, pamoja na wa 400 na wa 800 wa kusugulia kwa maji.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikuligusa, na ambalo kwetu sisi wa visiwani ndilo kubwa, ni chumvi. Vanishi ya zamani ikishapasuka, maji ya chumvi hupenya chini yake na aluminiamu hutoa unga mweupe unaotambaa mbali kuliko mchubuko unaoonekana kwa macho. Unga huo usipoondolewa mpaka chuma king'ae, rangi mpya itabanduka hata ikipakwa kwa ustadi wa namna gani. Kwa hiyo nilisugua kupita mipaka ya mchubuko, nikaosha kwa sabuni na maji ya mfereji yasiyo na chumvi, nikakausha, kisha nikafuta kwa tinna kabla ya kugusa praima.

Rangi hupulizwa tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke kidogo. Matundu ya nati niliyaziba kabisa, maana rangi ikikaa pale nati zinakaa juu ya rangi badala ya chuma, na zinaweza kulegea njiani. Vanishi nayo haifai kupulizwa siku za masika, kwa sababu unyevu hunaswa ndani yake ikafanya ukungu mweupe. Nilingojea siku kavu za kaskazi.

Silva ya boksi hili inang'aa kuliko ile ya kiwandani, na juani tofauti inaonekana. Rimu iliyopinda au yenye ufa isifunikwe kwa puti hata kidogo, kwani hilo ni suala la usalama wa abiria. Kwa michubuko ya juu juu ningenunua tena puti na vanishi hizi, lakini msasa na silva ningevitafuta kwengine.