Mchezo wa kufundisha watoto afya, karoti ikifa inafufuliwa na soda

Naandika hasira zangu kabla hazijapoa. Jina la mchezo naliacha, maana nataka mzazi yeyote mwenye mchezo wa aina hii kwenye kishikwambi cha mtoto akautazame mwenyewe.

Niliupakua likizo ilipoanza. Mtoto anakuwa karoti, anakimbia akiokota matunda na kukwepa pipi na chipsi. Akizigusa mara nyingi, karoti inaanguka chali. Mwanangu wa darasa la pili aliupenda sana, nami nikafurahi.

Juzi kati nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikasikia muziki nisioujua. Kufika sebuleni, namkuta katulia tuli, anatazama tangazo la soda ikimiminwa kwenye glasi ya barafu, povu linapanda mpaka mdomoni mwa glasi. Nikamuuliza anaangalia nini. Hata macho hakuinua: "Mama subiri, nikimaliza kuangalia soda karoti yangu inafufuka."

Someni tena hiyo sentensi. Chupa ya mililita 350 ya soda za kawaida ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, na mchezo unaojiita wa afya unamfundisha mtoto kwamba hiyo ndiyo dawa ya karoti iliyokufa. Pipi inaua, soda inafufua! Tangu mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani umepitisha mapendekezo ya kuwapunguzia watoto matangazo ya vyakula vya sukari, chumvi na mafuta mengi. Wenye mchezo huu wameyaweka matangazo hayo ndani ya somo lenyewe, tena bila kitufe cha kuruka.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima kabisa. Wakajibu kwamba matangazo huchaguliwa na mfumo, nisiyeyataka nilipie. Nikauliza: na mtoto ambaye mzazi wake hana cha kulipa, yeye ndiye wa kunyweshwa soda? Jibu la pili ndilo lililonichefua: "Dada, kitu cha bure hakilalamikiwi." Bure? Bando nanunua mimi, na macho yanayouzwa ni ya mwanangu.

Lakini haki isemwe. Kuna sehemu ya mswaki ambayo imenishinda kuichukia. Wimbo unapigwa dakika 2, jino moja moja linang'aa, na ukimaliza unaambiwa uende kulala. Mtoto niliyekuwa namfukuza na mswaki nyumba nzima sasa anajisimamia mwenyewe usiku, anaimba povu likimtoka. Kwa sehemu hiyo peke yake ningewapa nyota nne.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema michezo haiwezi kufundisha afya. Miaka ya 1990 Marekani kulikuwa na mchezo wa Super Nintendo, mashine ya kuchezea michezo kwenye televisheni, uitwao Packy & Marlon, tembo wawili wenye kisukari. Mchezaji anawapimia sukari, anawachoma insulini, anawachagulia mlo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, watoto wenye kisukari waliopewa mchezo huo nyumbani safari zao za dharura kwa daktari zilipungua kwa asilimia 77. Ule ulikuwa kwenye kaseti yake. Mtoto akicheza, hakuna muuzaji wa kumkatiza.

Nilishaanza kulainika. Nikaufungua tena jana, labda lile tangazo lilipita tu kwa bahati mbaya. Karoti ikaanguka. Safari hii ni biskuti za krimu, na mwishoni mtoto anaombwa abonyeze ili aone duka lilipo.

Nyota nne nimezirudisha. Nawapa moja, ya wimbo wa mswaki, na mchezo nimeufuta. Siku wakiondoa vyakula kwenye matangazo ya toleo la bure nitaupakua tena saa hiyo hiyo, maana mtoto anauulizia kila jioni. Kwa sasa, mwenye kuujua mchezo wa afya kwa Kiswahili, unaocheza bila intaneti wala matangazo, naomba anitajie hapa chini.