Heda na Nafasi ya Plagi kwenye V8 za Zamani: Mwongozo wa Kununua kwa Wenye Magari wa Tanga

Mwenye Range Rover ya zamani au Land Rover 110 ya V8, yaani injini yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, anayeamua kuondoa manifoldi (bomba la pamoja la moshi) ya chuma cha kusubu na kufunga heda, yaani seti ya mabomba ambamo kila silinda ina bomba lake, mara nyingi huligundua tatizo akiwa ameshalipa: mabomba yamepita karibu mno na plagi, spana haiingii, na kofia za waya zinazofunika plagi zinaanza kuungua. Mwongozo huu unapanga vitu vinavyouzwa kama dawa ya tatizo hilo, kuanzia kile kinachostahili fedha kwanza hadi kile ambacho mkazi wa Tanga angefanya vyema kukiacha dukani.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fungua boneti uhakikishe kwamba tatizo linakuhusu. Land Rover za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25, ambazo bado zinaonekana katika mashamba ya mkonge, zina plagi upande mmoja wa injini na manifoldi upande wa pili, kwa hiyo heda haiwezi kuzigusa plagi zake. V8 ya Rover, ambayo asili yake ni injini ya aluminiamu ya Buick na ambayo Rover ilianza kuiuza katika magari yake mwaka 1967, imepanga plagi na matundu ya moshi upande uleule wa nje wa hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955 ina mpangilio wa namna hiyo pia.

Nafasi ya kwanza naipa heda yenyewe, kwa sababu bomba lililokunjwa vibaya haliponywi kikamilifu na kitu kingine chochote. Uliza kwanza upana wa mabomba. Wauzaji hupenda kusifu mabomba mapana, lakini injini ya lita 3.5 ambayo haijaongezwa nguvu haina haja ya bomba linalozidi milimita 41 kwa nje, na bomba la milimita 38 huacha nafasi zaidi pembeni mwa plagi bila hasara ambayo dereva ataihisi katika safari ya Pangani au Muheza. Kisha tazama flanji, yaani bamba linalobana mabomba kwenye hedi. Flanji nyembamba hupinda kwa joto, gasketi huachia, na moshi wa moto unaovuja huipiga plagi iliyo jirani moja kwa moja, hata kama bomba lenyewe liko mbali. Mimi sinunui flanji yenye unene wa chini ya milimita 8. Ikiwa muuzaji ana hedi tupu dukani, mwombe aishikize heda juu yake, funga plagi zote, uvishe kofia za waya, halafu ujaribu kuingiza na kuzungusha soketi kwenye kila plagi. Jaribio hilo ni la kuaminika kwa sababu heda na plagi zote zimefungwa kwenye hedi ileile na hutikisika pamoja injini inapotikisika. Umbali unaouona pale dukani ndio utakaokuwa nao barabarani. Kinachoyumba ni waya, na kwa huo tafuta nafasi isiyopungua upana wa kidole.

Kuhusu madini ya bomba, hewa ya bahari ya Tanga haina huruma kwa chuma cha kawaida. Chuma cha pua ni ghali, lakini kwa gari linalolala nje Raskazone au Chumbageni ndicho ninachokipendekeza bila kusita. Chuma cha kawaida kilichopakwa keramiki ndani na nje kinafuata, na kina faida ya kupunguza joto linalotoka kuelekea kwenye plagi. Rangi nyeusi ya kawaida huungua mapema na kuacha bomba wazi kwa kutu.

Nafasi ya pili ni plagi zenye kichwa chembamba. Hapa watu wengi hupitwa na suluhisho rahisi kuliko yote, kwa sababu huagiza plagi kwa mazoea. Plagi ya kampuni ya NGK yenye namba BPR6ES ina kichwa cha pembesita cha milimita 20.8, ilhali BCPR6ES ina uzi (sehemu ya skrubu) uleule wenye kipenyo cha milimita 14 na urefu uleule wa uzi wa milimita 19, lakini kichwa chake ni cha milimita 16. Tofauti hiyo inaruhusu soketi nyembamba kupita mahali ambapo ile nene inagota. Aina za BKR zina kichwa cha milimita 16 pia, na sehemu ya juu kuanzia kwenye washa (pete ya kubania plagi) ni fupi kwa milimita 2.5 kuliko za BCPR, jambo ambalo huweza kutosha kuinasua kofia iliyokuwa inagusa bomba.

Hata hivyo, usibadilishe namba bila kuzielewa. Katika namba za NGK, tarakimu kubwa zaidi humaanisha plagi baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, ilhali kwa Champion na Bosch ni kinyume chake, kwa hiyo fundi anayelinganisha tarakimu tu anaweza kukupa plagi isiyofaa. Urefu wa uzi ni jambo zito zaidi. Hedi za V8 ya Rover zilizotangulia zile za gari la SD1 la mwaka 1976 hutumia uzi mfupi wa milimita 12.7, na plagi ya milimita 19 ikifungwa humo itatokeza ndani ya chumba cha mwako na huenda ikapigwa na pistoni. Chomoa plagi ya zamani uipime kwa rula kabla ya kuagiza. Kwa kuwa hedi hizo ni za aluminiamu, plagi ifunguliwe injini ikiwa imepoa, ianzwe kufungwa kwa vidole, na plagi mpya yenye washa iongezwe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kukaa.

Nafasi ya tatu ni kofia za keramiki. Kofia ya silikoni hustahimili joto la nyuzi mia mbili na zaidi kidogo, lakini ikigusa bomba hukakamaa, hupasuka, kisha cheche huruka kwenda kwenye bomba badala ya kwenda ndani ya silinda, na injini huanza kumisi, yaani silinda kushindwa kuwaka. Keramiki hustahimili joto kubwa zaidi kwa mbali. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu na haikunjiki, kwa hiyo inahitaji nafasi iliyonyooka juu ya plagi, na ikidondoka sakafuni huvunjika. Ikiwa nafasi hiyo haipo, nunua waya wenye kofia za silikoni zilizopinda kwa nyuzi 45, 90 au 135, ukichagua pembe kwa kila plagi peke yake, maana plagi nane hazikabiliwi na bomba kwa namna moja.

Soksi za nyuzi za kioo zinazovishwa juu ya kofia nazipa nafasi ya nne. Ni rahisi, zinasaidia kweli dhidi ya joto linalopita hewani, lakini haziongezi hata milimita moja ya nafasi.

Mwisho kabisa naweka utepe wa kuzungushia mabomba. Hushika unyevunyevu, na kwa hewa yenye chumvi bomba la chuma cha kawaida huozea ndani yake pasipo mtu kuona. Kugonga bomba kwa nyundo ili libonyee mbele ya plagi si jambo la kununua, ila mafundi hulitoa kama ofa: kubonyeza kidogo hakupunguzi nguvu kwa kiasi cha kuhisika, lakini kunapasua mpako wa keramiki, na kutu huanzia hapohapo.

Ukishafunga ulichochagua, panda kutoka Mombo hadi Soni kwa gia ndogo, ambapo mwendo ni wa polepole na upepo wa kupoza injini ni haba. Simama mahali salama, zima injini, ifungue boneti na usubiri mabomba yapoe kabla ya kuingiza mkono. Kagua kila kofia upande unaotazama bomba. Iliyopauka, iliyokakamaa au yenye alama ya kung’aa imegusa, na waya wake upangwe upya kwa klipu kabla ya kuendelea hadi Lushoto.