Nimejaribu simulesheni ya majaribio ya anga za juu huku Area D, Dodoma

Wakuu habari za jumapili. Kuna vijana wamefungua kachumba huku Area D wanakufanyisha jaribio la kisayansi kama uko kwenye kituo cha anga cha ISS, buku ishirini kwa mtu. Unavaa miwani ya VR unajikuta mbele ya boksi la glavu (boksi lililofungwa, unafanya kazi ndani yake kwa kuingiza mikono kwenye glavu zilizoshikizwa ukutani mwake), unatakiwa ufungue kopo la sampuli, ubadilishe sindano, usome namba kwenye skrini, huku programu inarekodi macho yalienda wapi, mkono ulishindwa kufika wapi na hatua gani uliruka.

Walichopatia ni mkao. Mtu akielea magoti yanajikunja yenyewe, mikono inapanda mbele na macho yanaangalia chini zaidi kuliko akisimama, kwahiyo skrini uliyoiona safi kabisa ukiwa wima ghafla unaiona iko juu mno. Kasoro kama hiyo bora uikute Dodoma, maana mwaka 2021 NASA waliwapangia wateja wa biashara dola 130,000 kwa lisaa limoja la mwanaanga, sasa weka swichi nyuma ya bomba jamaa aitafute robo saa, piga hesabu mwenyewe.

Ila miwani ina uongo wake aisee. Kule juu ukikaza skrubu bila kubana miguu unazunguka wewe, hapa unakaza umetulia tuli kama nguzo ya umeme. Nikamuuliza dogo anayesimamia, akakubali bila kona kona, akasema hilo utalipata kwenye ndege kama ile Airbus A310 ya Bordeaux kule Ufaransa, inayopanda na kushuka mara 31 kwa safari, na kila mara unaelea kama sekunde 22 tu. Sekunde 22! Ukianza kutafuta kifuniko kiko wapi zimeisha, ndo maana mambo ya kufika na kuona unayamaliza chini kwanza.

Mimi kilichonikosha zaidi ni boksi la glavu la karatasi ngumu tu pembeni, limetobolewa matundu mawili yana glavu nene za mpira, unaokota nati ndogo humo ndani, vidole vyote vinakuwa gumba. Wakiongezea pa kubania miguu hapo, hata miwani sitaitaka.

Nyota nne. Feni moja, chumba kinachemka, nenda asubuhi, na jumamosi wanafunzi wa UDOM wanajaa kwahiyo piga simu kwanza.