Kofia ya kurithiwa: igeuze ndani kabla hujatoa pesa

Ami yangu ana kichwa cha sentimita 59. Nilimpima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na masikio, siku chache kabla ya harusi ya bintiye. Nikaenda kwenye duka moja la nguo za kiume upande wa Nyali, la vioo na kiyoyozi, nikamnunulia pama ya kijivu kwa shilingi 6,500. Harusini alipendeza, hata bwana harusi aliona wivu. Akaivaa kaskazi nzima: kibarazani, Marikiti, kwenye feri ya Likoni akiishikilia kwa mkono isichukuliwe na upepo. Masika yalipoingia akaniita kando: "Mwanangu, kofia yako yanibana."

Nikadhani ni maneno ya wazee. Nikaipima: sentimita 57 na nusu. Ule ukanda wa ndani, ambao muuzaji aliniapia kwa jina la mamake kwamba ni ngozi, ulikuwa umechanika kama ganda la embe lililosahaulika juani. Nje, juu ya utepe mweusi, palikuwa na mstari mweupe wa chumvi umezunguka kofia nzima. Juu na ukingoni ilikuwa bado mpya kabisa. Kilichokufa ni kile kitu kisichoonekana, nacho kilipokufa kikavuta kila kitu.

Kwa hiyo mwongozo huu haushughuliki na rangi, wala umbo la uso, wala kama ukingo mpana unamfaa mtu mfupi. Kila duka lina kioo, na kila mwanamume ana mke au dada wa kumcheka. Mimi nazungumzia ukanda wa jasho.

Ukanda huu ndio unaogusa kichwa. Kofia nzuri huwa nao wa ngozi nyembamba, umeshonwa kuzunguka kofia yote, na kati ya ngozi na kofia hupita kamba nyembamba iliyofunikwa ili mshono usikate. Kazi yake ni kunywa jasho lisifike kwenye kofia yenyewe, na kuishika kofia isipoteze kipimo. Mombasa kazi hiyo ni ngumu kuliko karibu kokote, kwa sababu jasho la huku halikauki. Nairobi mtu hutokwa jasho, upepo ukapita, yakaisha. Hapa hewa yenyewe ni mbichi. Ukanda unalowa asubuhi, unalala ukiwa na maji, kesho unalowa tena. Kama ni plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, haunywi kitu. Jasho linapanda juu yake, linaingia kofiani, maji yanatoka, chumvi inabaki.

Jinsi ya kupima ni hivi, na usione haya mbele ya muuzaji. Ingiza kidole kati ya ukanda na kofia, uupindue nje. Tafuta mshono. Ukiona gundi, rudisha kofia mezani. Ukiona mshono sehemu ya mbele tu na gundi nyuma, rudisha vilevile, kwa sababu huo ni ujanja na si ushonaji. Kisha kunja ukanda kidogo kwa kidole gumba: ngozi hufanya mikunjo midogo midogo isiyofanana, halafu hujirudi, ilhali ile ya bandia hufanya mstari mmoja mnyoofu kama karatasi. Nusa pia. Pua haidanganyiki kwa muhuri wa dhahabu. Kofia ya ami ilikuwa na muhuri wa dhahabu ulioandika kwa Kiingereza kwamba ni ngozi halisi, nao ndio uliobanduka kwanza.

Nilipoirudisha dukani nilionyeshwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana akaniuliza kama mzee "hatoki jasho kupita kiasi." Mombasa! Unauzia kofia watu wa Mombasa, kisha unauliza kama wanatoka jasho.

Haya, sasa mpangilio wangu.

Namba moja: kofia ya viua ya mkono. Najua mlitarajia pama, lakini pimeni kwa kigezo changu. Kofia hii haina ukanda wa kuoza. Ni kitambaa na uzi basi, na yote inafulika. Tundu zile ndogo zimetobolewa na kuzungushiwa uzi moja moja, na hewa hupita humo humo. Ikiingia jasho, unaifua. Anayeshona kofia moja ya maana hukaa nayo miezi, kipande cha duara cha juu peke yake, ukuta wa kuzunguka peke yake, ndiyo maana nimeulizwa shilingi 8,000 Lamu na sikubishana. Nilibishana kidogo.

Kuitambua ya mkono, iweke mbele ya taa. Kila tundu lazima lipitishe mwanga. Kisha igeuze: ya mashine ina nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua, na ndani pamebandikwa kitambaa cha gundi cha kuifanya isimame. Ukiifua mara ya pili gundi inafanya malengelenge. Ya mkono husimama kwa wanga. Fua kwa mkono na sabuni ya kawaida, suuza vizuri, chovya kwenye wanga mwepesi, ivishe kwenye faruma, yaani kile kigogo cha umbo la kichwa, ikauke kivulini. Faruma za mbao siku hizi adimu. Mama yangu hutumia sufuria ndogo ya chai iliyopinduliwa, aliyoichagua baada ya kuijaribu kichwani mwa baba, na baba hapendi tulitaje jambo hilo.

Namba mbili: Stetson, pama ya Kimarekani, ile ya manyoya. Kwa akili, Panama, ile pama ya majani, ingekaa hapa. Lakini mwongozo ni wangu na mimi ni mtu wa Stetson, na hakuna aliyenilipa hata ndururu. Babu yangu alikuwa karani bandarini Kilindini, na Stetson yake ya kahawia aliipata kwa baharia aliyekuwa na kiu kuliko alivyokuwa na pesa. Babu amefariki, kofia ipo kwa kaka yangu. Ngozi ya ndani imekuwa nyeusi kama kaa, lakini hakuna mshono ulioachia. John B. Stetson alianza kazi hiyo Philadelphia mwaka 1865, na jina lake bado limo ndani ya kofia.

Neno la kuangalia ni manyoya. Pama za kitambaa kile kinene kisichofumwa, kilichoshindiliwa kwa mvuke na maji moto, ni za aina mbili: za manyoya ya sungura au biva (mnyama wa mitoni wa nchi za baridi), na za sufu ya kondoo. Manyoya ni membamba na hushikana sana, kwa hiyo kofia hurudi kwenye umbo lake hata ikilowa. Sufu ikilowa na kupata joto hujikusanya, kama sweta lililofuliwa kwa maji moto. Ya ami ilikuwa sufu, na kwa hali ya hewa yetu hiyo ni hukumu. Jihadharini, maana hata Stetson wenyewe wanazo za sufu, kwa bei nafuu, na muuzaji atakuonyesha jina tu. Soma kibandiko mpaka mwisho.

Borsalino ya Italia, iliyoanza mwaka 1857 katika mji wa Alessandria, ni nzuri mno na sina la kuisema vibaya isipokuwa bei. Nikiwa na pesa hizo nitaezeka jiko kwanza.

Namba tatu: Panama, ambayo kwao ni Ecuador, si Panama. Husukwa kwa mkono kwa majani ya mmea uitwao tokiya, na wasukaji wa Montecristi ndio wenye sifa kubwa. Jina la Panama lilikwama kwa sababu kofia zilipitia huko zikienda sokoni, halafu Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, akapigwa picha akiwa nayo alipokwenda kukagua mfereji wa Panama mwaka 1906. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza usukaji wake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kwetu ina faida ambayo wauzaji hawaijui hata kuisifia: ukavu ndio adui wake. Majani yakikauka huvunjika pale unapoishika mbele, na ndiyo maana Panama za watu wa bara hupasuka puani. Unyevu wetu, unaoua kila kitu kingine ndani ya nyumba, kofia hii moja unailainisha.

Lakini usiikunje ukaitia mfukoni hata ukionyeshwa sinema ya mtu akifanya hivyo. Wala usiishike kwa ile mikunjo ya mbele. Shika ukingo, kwa mikono miwili. Na halisi utaijua kwa kuinua kuelekea mwanga: utaona duara zinaanzia katikati ya juu zikitanuka kama mawimbi ya jiwe majini, na ukingo wake umesukwa kurudi ndani, haukukatwa ukashonwa utepe. Nyingi zinazoitwa Panama madukani ni karatasi iliyosokotwa. Mvua moja ya Mei, unabaki na uji. Na ukishaihakikisha, rudi pale pale: pindua ukanda. Nimeona Panama halisi kabisa iliyotiwa ukanda wa kitambaa cha gundi, ni kama kumvisha bwana harusi ndara.

Namba nne: kofia za ukili za hapa hapa Pwani. Ningeziweka juu kama wangezitia ukanda. Hawatii. Ukili unagusa paji la uso moja kwa moja, unaloa, unaota kuvu. Nunua, kisha mpelekee fundi akushonee kitambaa cha pamba ndani, utumie miaka miwili mitatu. Bei ni jambo jingine la kunitia hasira. Meli ya watalii ikitia nanga Kilindini, kofia ya 500 inakuwa 1,500. Meli inang'oa nanga, bei inabaki. Nikamuuliza kijana mmoja karibu na Fort Jesus, kwa Kimvita safi, kama mimi naonekana nimeshuka melini. Akanipunguzia mia mbili, kisha akaniita mama mkali.

Mitumba ya Kongowea: unaweza kuokota lulu, ila kwanza pindua ukanda, na unawe mikono. Kofia za 300 za njiani sina la kusema.

Utunzaji wa zile pama sasa, maana wengi hununua vizuri wakaua wenyewe. Ukifika nyumbani pindua ukanda nje, ufute kwa kitambaa kikavu, uuache umepinduliwa hivyo usiku kucha. Dakika moja tu, kila siku. Ukinyeshewa, kung'uta maji, pindua ukanda, simamisha kofia juu ya huo ukanda ikauke taratibu ndani ya nyumba. Usiweke juani, usipulizie kikausha nywele. Ikiwa kavu, iweke kichwa chini, ukingo juu, la sivyo ukingo utalegea upande mmoja kama sikio la mbuzi. Brashi laini, kwa kuzungusha kinyume cha saa. Na usiiache kamwe kwenye dashibodi ya gari. Joto lile hukausha ngozi, ngozi husinyaa, na kofia nzima hufuata.

Nondo nao wanapenda manyoya kuliko wanavyopenda kanzu. Kofia isiyovaliwa ikae kwenye sanduku, na vidonge vya nafthalini vifungwe kwenye kitambaa visiiguse. Ila mara moja kwa mwezi itolewe ipate hewa, kwa sababu sanduku lililofungwa Mombasa ni shamba la kuvu.

Kuagiza nje kuna maumivu yake. Juu ya bei kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya vyote hivyo, na mwisho mtu anakupigia simu kwamba kifurushi chako kina "ada ndogo ya kuhifadhiwa." Hesabu hayo kabla hujafurahia bei ya mtandaoni.

Na pama ya ami? Niliipeleka kwa fundi wa viatu Mji wa Kale, mzee asiyependa maneno. Akang'oa ile plastiki, akakata ngozi ya mbuzi, akaishona kwa mkono pande zote, shilingi 700, siku mbili. Ukanda sasa ni bora kuliko kofia. Lakini sentimita moja na nusu iliyopotea haikurudi, kwa hiyo inavaliwa na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, na yamkaa sawasawa.