Pateni ya gauni ya kununua online: pesa yangu sijutii, lakini soma hii kwanza kabla ukate kitenge

Wale mmekuwa mkiniuliza hio gauni ya kitenge nilivaa kwa ruracio (sherehe ya mahari) ya mwenzetu wa kazini imeshonwa na fundi gani, hakuna fundi, nimejishonea hapa nyumbani Umoja na cherehani yangu ya kawaida, na pateni, yaani ile michoro ya karatasi ya kukatia nguo, nilinunua online, kwa hivyo wacha niseme vile niliiona juu najua kuna mtu saa hii ameshafungua ukurasa wa kulipa.

Ni ya kampuni ndogo ya ng'ambo, jina siweki, maana mengi ya hapa chini yanahusu karibu pateni zote za aina hii. Gauni yenyewe inakaza kifuani inafunguka kidogo kuelekea chini, shingo ya mviringo, mikono mifupi, zipu ya kujificha mgongoni, na mifuko ubavuni, mifuko ya ukweli ya kuingia simu. Bei ni kama elfu moja na mia tano, nililipa na ile kadi ya M-Pesa GlobalPay ikaingia kwa email hapo hapo.

Lakini hesabu haiishii hapo. Unatumiwa PDF ya karatasi za A4 zaidi ya thelathini, unapeleka saiba, halafu unarudi kuziunganisha na selotepu sakafuni huku ukifukuza watoto wasikanyage. Mwambie mtu wa saiba aprinti asilimia mia, asiweke ile ya kufinya iingie kwa karatasi. Ukurasa wa kwanza una kisanduku cha sentimita 5 kwa 5, printi huo pekee yake kwanza upime na rula. Ukipata 4.8 usiseme ni kitu kidogo, gauni yote imepungua hivyo, kifua cha 100 kinatoka 96 na hapo zipu haifungi. Kama selotepu inakuudhi kuna faili ya A0 pia, wale wanaoprinti michoro ya maakitekti huko tao wanakutolea kwa karatasi moja kubwa, inakuwa ghali kidogo lakini mgongo unashukuru.

Sasa tuongee saizi, hapa ndio watu wengi hulilia. Fundi wetu anakupima wewe na tepu, anachora na chaki juu ya kitambaa chako, anakata. Pateni haikujui. Wanachora saizi moja ya mfano halafu wanapanua na kupunguza kwa hatua zilizopangwa, na ni mtindo wa kitambo sana, Ebenezer Butterick wa Marekani ndiye alianza kuuza pateni za karatasi zenye saizi tofauti mwaka wa 1863. Huo mwili wa mfano kwa pateni nyingi za kizungu ni wa kifua cha kadiri, yaani tofauti ya kifua chenyewe na hapo juu ya matiti, chini ya kwapa, ni inchi mbili hivi. Mimi yangu ni zaidi, na ninyi wengi mkijipima mtapata hivyo hivyo. Ukichagua saizi kwa kipimo cha kifua, mabega yanakuwa mapana yanaanguka, shingo inaachama, halafu unasema hujui kushona na shida si wewe.

Dawa ni hii: chagua saizi na kile kipimo cha juu ya matiti, mabega yakae, halafu ongeza nafasi ya kifua kwa kipande cha mbele pekee. Unakata karatasi kutoka chini hadi kwa ncha ya kifua, unapanda kuelekea kwa tundu la mkono bila kukata ukaisha kabisa, unakata pia katikati ya dati ya ubavuni (ule mkunjo wa kushonwa unaopa kifua umbo), unatawanya, unabandika karatasi nyingine nyuma. Dati inakua kubwa yenyewe. Ncha yake usiifikishe katikati ya titi, iwache kama inchi moja nyuma, ikifika pale pale inatoa kichongo kinaonekana hadi kwa picha. Hii kampuni haijaeleza hayo popote kwa maelezo yake na hapo nimewanyima nyota, mtu analipa pesa yote hiyo akatafute YouTube?

Kitu kingine, usiangalie tu chati ya mwili, tafuta chati ya vipimo vya gauni ikishaisha. Hii wamepatia kifua sentimita 8 za kupumua, kwa kitenge kisichovutika hio ni sawa kabisa, huwezi taka chini ya hapo na bado ule nyama choma.

Kabla kitenge nilishona ya majaribio na shiti ya mitumba ya Gikomba, mericani pia inafaa. Usiruke hii hatua, shiti ni bei ya chai na mandazi na kitenge kizuri cha Eastleigh unajua bei yake.

Kitambaa sasa. Wanasema mita 2.5 kwa kitambaa cha upana wa sentimita 115, na kitenge chetu kiko karibu hapo, lakini dukani wanauza kwa yadi na yadi ni sentimita 91 na kitu, kwa hivyo chukua yadi tatu, na kama maua ni makubwa yanaangalia upande mmoja ongeza nyingine, la sivyo utatokea na ua nusu kifuani lingine limegeuka miguu juu mgongoni. Ufue kwanza, ile wanga itoke na kama kitarudi kirudi kabla hujakata.

Kushona kwenyewe ni raha, na hapo nawapa heko. Michoro iko wazi hadi Kiingereza chenyewe husomi sana, nafasi ya mshono wameshaweka sentimita 1.5 ndani ya pateni (kuna kampuni haziweki, angalia kila mara), na vile vialama vya pembeni vinakutana vizuri. Ile fesingi ya shingo (kipande cha kumalizia shingo kwa ndani) wanakuonyesha kuishonea kwa nafasi ya mshono upande wa ndani, mstari hauonekani nje lakini shingo inalala haichungulii tena, fundi wengi wa haraka hii wanaruka. Mikono ndio ilinitoa jasho. Kichwa cha mkono ni kirefu kuliko tundu lake, unashona mistari miwili ya hatua ndefu unavuta uzi upunguze, lakini kitenge cha waksi kimefumwa kimebanana hakikubali kufinywa kama pamba laini, kikaleta vifinyo. Nilipunguza urefu wa kile kichwa kidogo kwa karatasi ndio kikaingia.

Zipu ya kujificha nunua na mguu wake wa cherehani, Biashara Street wanauza, mguu wa kawaida hauingii karibu na meno.

Kama unataka gauni moja ya harusi Jumamosi, enda kwa fundi, utatumia pesa kidogo na usingizi utalala. Hii ni ya mtu anataka kuishona tena na tena, mimi ya pili nimeshaikata kwa kitani bila mikono. Saizi zao zinaishia kifua cha inchi 46, ukizidi hapo usilipe.