Kipimo cha ukutani cha methamfetamini: kwa wenye nyumba za kupanga Mbeya

Kwa chumba cha Uyole au Soweto kilichoachwa na mpangaji wa zamani, kipimo hiki, kitepe kinachotafuta mabaki ya methamfetamini (dawa ya kulevya) ukutani, kinafaa kwa kuanzia tu. Futa mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwa pamba yenye kimiminika cha kipimo, kamulia kwenye kichupa, chovya kitepe. Mistari miwili: hakikuona kitu. Mmoja: kimeona. Wengi husoma kinyume! Badilisha glovu kila chumba, usije ukahamisha uchafu. Ukuta uliopakwa rangi juzi utakudanganya, kwa kuwa rangi hufunika mabaki.

Kasoro kubwa ni kwamba hakisemi kiasi. Na kiasi ndicho huamua kama chumba kisafishwe: New Zealand, kiwango cha juu cha mabaki kilichowekwa 2017 kilikuwa mikrogramu 1.5 kwa mraba kama huo wa sentimita 10 kwa 10. Ripoti ya 2018 ya mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu wa huko ikapendekeza 15. Kwa kitepe pekee, usibomoe dari wala kumdai mtu fidia.