Baa: bia ya pipa au ya chupa?

Bia ya pipa hushinda kwa ladha, ila pale tu baa inapoiuza haraka na kusafisha mipira inayoipeleka bombani. Mipira hiyo hutakiwa kusafishwa kwa dawa kila baada ya wiki mbili hivi. Ikiachwa, bakteria hujijenga ndani na bia hutoka na uchachu wa siki, au ladha ya siagi. Ikitoka povu tupu, mshukiwa wa kwanza ni joto: bia ikipita nyuzi 4 hivi, gesi huanza kuachana nayo kabla haijafika kwenye glasi.

Kagua na glasi yenyewe. Viputo vikinata kwenye kuta zake, ina mafuta au mabaki ya sabuni. Glasi safi huacha pete ya povu kila unapopiga funda.

Chupa haina mambo mengi. Adui zake ni joto, umri na mwanga. Kioo cha kahawia huukinga mwanga vizuri. Cha kijani hukinga kidogo, cheupe karibu hakisaidii kitu, na bia iliyopigwa na mwanga hunuka kama kicheche. Basi usipewe ile ya mbele kabisa kwenye friji yenye taa. Soma tarehe, na ifunguliwe mbele yako.

Jioni mapema siku ya kazi, chukua chupa, maana glasi ya kwanza ya pipa huenda imelala mpirani tangu jana. Ijumaa usiku, kaunta ikiwa imejaa, pipa bila kusita.